Joto Ng'ambo ya Ukuta

Jumamosi asubuhi, saa tatu na dakika chache, muuza vifaa aliweka misumeno miwili ya injini juu ya kaunta, akaifuta vumbi kwa kitambaa kilekile alichokuwa akifutia jasho, kisha akamuuliza mteja wake kazi yenyewe ni ipi.

"Kuni," alijibu mteja. "Kuni za nyumbani."

"Za nyumbani kwako tu?"

"Kwani nyumba yangu ina nini?"

Muuza vifaa hakutaka maneno. Mteja huyu alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu ambaye kila baada ya miezi sita alipita madukani na kisanduku cha vipimo vya shaba, akapima mizani zote za mji moja moja, na ambaye aliwahi kuifunga bucha kwa sababu ya gramu kumi na tano. Watu walimwita Mkaguzi. Hata mkewe alimwita hivyo, tena hata siku za sikukuu. Basi muuza vifaa akaeleza kwa adabu. Huu mdogo, upanga wake unaobeba mnyororo ukiwa inchi kumi na nne, ni mwepesi, haunywi mafuta sana, na ndio unaochukuliwa na watu wa kuni za nyumbani. Huu wa pili ni inchi ishirini, injini ya ujazo wa sisi sitini na mbili. Huu ni wa watu wa mbao. Unarusha mikono, na unataka mtu mwenye kifua.

"Mdogo ninao," alisema Mkaguzi. "Hautoshi."

"Hautoshi vipi? Unazimika? Mnyororo unaruka?"

"Hauleti joto."

Muuza vifaa alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mnyororo unaruka. Joto, alisema, ni wingi wa kuni, na wingi wa kuni ni injini. Kisha, kwa kupenda kwake kupiga soga, akaongeza kwamba yule fundi baiskeli, mdogo wake Mkaguzi, alipita juzi kununua tupa ya kunolea msumeno wa mkono. "Ana raha yule bwana! Anasema siku hizi kwake wanalala na shuka moja, tena wanaitupa miguuni."

Mkaguzi akachukua ule mkubwa.

Nyumba ya Mkaguzi na ya mdogo wake zilikuwa katika kiwanja kimoja, zimepeana mgongo, na katikati yake kulikuwa na ukuta unaomfika mtu kifuani. Zote mbili zilijengwa na baba yao. Kando ya nyumba hizo kulikuwa na miti ya mivinje, safu kumi na nne kutoka kisimani hadi kwenye uzio, ambayo baba huyo aliipanda kwa kamba, maana alikuwa mtu asiyevumilia kitu kilichopinda. Mwaka aliougua, alasiri moja, alimwita mkubwa barazani, akamwambia kwamba safu saba za kwanza kutoka kisimani ni za mdogo wake, na saba zinazobaki ni zake. Mdogo mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amepanda baiskeli kwenda kutafuta dawa ya kifua ya baba huyohuyo. Mama alikuwa jikoni akiosha masufuria, dirisha liko wazi.

Baba alipokwisha kuzikwa na wageni kutawanyika, mdogo aliuliza, "Kaka, mzee alisemaje kuhusu miti?"

"Zako nne," alijibu Mkaguzi. "Kutoka kisimani."

"Basi nne," alisema mdogo, akaenda kumzibia mtu pancha.

Mkaguzi hakuwa na shida ya miti. Alichokuwa nacho ni kijicho, na kijicho chenyewe kilikuwa na umri sawasawa na wa mdogo wake. Kwa miaka tisa ya kwanza ya maisha yake alikuwa peke yake katika nyumba ile. Kisha kikaletwa kitoto kilichofungwa kwenye kanga, na tangu siku hiyo Mama akawa na kicheko ambacho Mkaguzi hakuwahi kukisikia kabla. Mdogo akitokea mlangoni, Mama hucheka kabla hajaambiwa lolote. Mkaguzi akitokea, Mama humuuliza habari za kazi. Baba aliposema saba kwa saba, kilichomuuma mtoto wake wa kwanza ni ile sawa kwa sawa, kana kwamba yeye hakutangulia popote.

Mama, kwa kuwa nyumba ya mkubwa ilikuwa na chumba cha ziada, alihamia kwa Mkaguzi. Mkaguzi aliona ameshinda. Alimnunulia kiti chenye mito, akakiweka kando ya jiko la chuma, mahali ambapo yeye mwenyewe angependa kukaa.

Msimu wa baridi ulipoingia aliwasha msumeno wake mdogo na kuanza na safu ya tano. Mkewe alipouliza kwa nini asianzie mwisho, upande wa uzio, alimwambia safu ya tano, ya sita na ya saba ziko karibu na njia. Haziko karibu na njia.

Jioni ya kwanza jiko lilishika moto vizuri, likawa jekundu ubavuni. Chumba kikabaki baridi. Mkewe aliteleka birika, moto ukalamba kitako chake kwa saa nzima, na maji yakabaki vilevile yalivyotoka kisimani. Ng'ambo ya ukuta, kwa fundi baiskeli, jiko lilikuwa halijawashwa tangu juzi. Birika lililosahauliwa juu yake likaanza kuchemka, na mke wa fundi akaona si vibaya kutia majani ya chai. Alipomaliza kikombe chake alitoka uani, akapaza sauti juu ya ukuta.

"Shemeji! Joto lenu liko huku!"

"Litakuwa bomba la moshi," alijibu Mkaguzi.

Bomba likafagiliwa. Joto likaendelea kwenda kulekule. Mkewe Mkaguzi, ambaye ni mtu wa vitendo, alianza kupeleka nguo mbichi upande wa pili zikauke, na kurudi nazo zimekunjwa.

Siku ya tatu Mama alijitanda shali, akasema anakwenda kuota moto kidogo. Alirudi wakati wa kulala. Wiki iliyofuata aliomba apelekewe mto wake. Wiki iliyofuata hiyo, kitanda chenyewe kilipitishwa juu ya ukuta, Mkaguzi akiwa upande huu na fundi upande ule, kila mmoja ameshika miguu miwili.

"Inua kidogo, kaka," alisema fundi. "Hapo hapo. Umechoka?"

"Sijachoka."

"Unatweta."

"Nimesema sijachoka!"

Kuanzia hapo Mkaguzi alikaa kila jioni mbele ya moto wake mkubwa, amevaa koti na kofia ya sufu, akimsikiliza Mama akicheka ng'ambo ya ukuta. Kicheko kile alikijua. Kilianza kwa kukohoa kidogo, kikapanda, kisha kikakatika ghafla kana kwamba mwenyewe amekumbuka umri wake. Hakijawahi kutoka mara tatu kwa jioni moja alipokuwa akikaa kwenye kile kiti chenye mito. Roho ilimuuma Mkaguzi hata akashindwa kula. Aliona dawa ni moja tu, kuongeza kuni, nyumba yake ipate moto hadi Mama aone haya kuwa aliikimbia.

Akaongeza. Kadiri alivyoongeza, ndivyo upande wa pili ulivyopendeza. Madirisha ya fundi yakawa yanaachwa wazi mchana kutwa. Fundi akawa anatengeneza baiskeli sebuleni amevaa fulana tu, na miche ya nyanya iliyokuwa kwenye makopo dirishani ikatoa maua nje ya msimu wake. Asubuhi moja fundi aliegemea ukuta, uso unang'aa.

"Kaka, asante kwa moto. Mama jana amelala mchana mzima kama mtoto mchanga."

"Karibu," alisema Mkaguzi, akaingia ndani kuongeza gogo.

Siku mkewe alipokwenda kumwona dada yake, Mkaguzi alifanya jambo ambalo alikuwa akiliahirisha. Alikata tawi moja kutoka safu ya tisa, ambayo ilikuwa yake kwa kauli ya baba, akaingiza vipande vyake jikoni na kukaa. Baada ya dakika kumi alivua kofia. Baada ya ishirini alivua koti, na birika likaanza kuimba. Alikuwa katika kazi ya vipimo kwa miaka ishirini na sita, na kipimo kilichosema kweli alikitambua. Aliyatazama yale makaa. Kisha akainuka, akayamwagia maji.

Mtu mwingine angezunguka ule ukuta jioni hiyohiyo. Mkaguzi alipiga hesabu nyingine. Safu tatu zikiisha, alijiambia, hakutakuwa na kuni za kupeleka joto ng'ambo. Zitabaki zake tu, zenye joto lake, na Mama ni mtu mzima, mifupa yake itamrudisha palipo na moto. Wala hakutakuwa na kitu kilichosimama cha mtu kuja kukihesabu. Tatizo likawa msumeno. Ule mdogo ulikula asubuhi nzima kwa mti mmoja, na kwa mwendo huo baridi ingekwisha kabla ya safu ya sita. Ndiyo maana Jumamosi ile akawa mbele ya kaunta.

Msumeno mkubwa ulikuwa mnyama kweli. Alipovuta kamba mara ya pili ulinguruma, kuku wakaruka, na mikono yake ikabaki inatetemeka hadi wakati wa chakula, akawa anamwaga mchuzi. Lakini ulifanya kazi. Mivinje iliyomgharimu baba yao miaka ishirini ya kumwagilia ilianguka mitano kwa siku. Mkaguzi alikata, akapasua, akapanga na kuchoma. Jiko halikupumzika. Upande wa pili walianza kulala uani kwa sababu ya joto, na Mama akasikika akiomba apewe upepeo. Fundi alichungulia ukutani siku mbili tatu, akautazama ule uwazi unaozidi kukua kati ya miti, akahesabu kitu kwa macho, kisha akarudi kwenye gurudumu lake.

Gogo la mwisho la safu ya saba liliungua siku ya Alhamisi. Ijumaa Mkaguzi alianza safu ya nane, na ilipofika adhuhuri nyumba yake ilikuwa na joto tamu, la kumfanya mtu avue soksi. Mkewe alileta nguo zote nyumbani. Mkaguzi alikifagia chumba cha Mama kwa mkono wake, akatandika godoro jipya, akakipangusa vumbi kiti chenye mito. Hakuwa amefurahi hivyo tangu utoto wake. Kisha akazunguka ukuta kwenda kumchukua.

Alimkuta fundi amevaa makoti mawili, anawasha vijiti vitatu vyembamba kutoka kwenye safu zake nne. Miche ya nyanya ilikuwa imelala kifudifudi kwenye makopo.

"Tunajibana, kaka," alisema fundi kwa upole. "Safu nne ukizikimbiza zinaisha."

Mama alikubali kwenda kuangalia. Aliingia, akagusa ukuta kwa kiganja, akakaa kwenye kiti chenye mito na kuunyooshea moto mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kwa baridi ya siku moja.

"Joto zuri," alisema.

"Ni lako, Mama. Nimekutandikia na godoro jipya. Kitanda tutakivusha leo leo."

Mama aliendelea kuutazama moto. "Baba yenu alisema safu ngapi?"

Mkewe Mkaguzi aliacha kukunja nguo. Mkaguzi aliinama, akasukuma gogo ambalo halikuhitaji kusukumwa.

"Nne," alisema.

"Nne."

"Nne, Mama. Kutoka kisimani."

"Mimi siku ile nilikuwa naosha sufuria," alisema Mama. "Ile kubwa. Nikaacha kuisugua ili nisikie vizuri."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Alijitanda shali, akajishikiza kwenye mkono wa kiti, akasimama. "Siku ukiikumbuka hesabu, mwanangu, niite. Nitakuja hata kama jiko halijawashwa." Kisha akatoka, akauzunguka ukuta polepole, akarudi kwenye vile vijiti vitatu.

Usingizi ulimhama Mkaguzi katika ile nyumba yenye joto. Alivua shuka, akavua na fulana, na bado alitoka jasho. Ng'ambo ya ukuta hakukuwa na kicheko tena, kulikuwa na kikohozi. Alifikiri Mama anakohoa makusudi. Kisha alifikiri kwamba yule mdogo hata kwa umaskini wake wa kuni amemshinda, maana Mama ameacha godoro jipya na moto mzuri akagandamana naye. Angekuwa na haya yule, angemfukuza Mama kwa upendo. Mawazo hayo yalimchosha kuliko msumeno.

Asubuhi alijaza toroli kuni za safu ya nane, akampelekea. Fundi alishukuru kwa mikono miwili, akaziwasha. Zikawaka vizuri kwa fundi, na joto lake lote likarudi kwa Mkaguzi, ambaye ilimbidi afungue madirisha. Kuni hazikufuata kauli yake yeye. Zilifuata ya baba.

Alisimama uani kwa muda mrefu akitazama pale palipokuwa na safu ya tano, ya sita na ya saba. Palibaki visiki, vyote katika mistari iliyonyooka. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, saba, na mtoto wa darasa la kwanza hulitamka bila kuumia. Mkaguzi alilijaribu, midomo imefungwa. Kisha akaenda kuchukua msumeno.

Kukata visiki chini kwa chini ni kazi ya mtu aliyepiga magoti. Upanga hugusa udongo, mchanga hula meno ya mnyororo, na kila baada ya visiki viwili lazima ukae na tupa. Mkaguzi alipiga magoti kuanzia saa moja asubuhi. Hadi jioni alikuwa na ndoo mbili za vipande, vyeusi na vizito, na alipovitia jikoni mwake chumba kikapoa mara moja. Akavaa koti. Akavaa kofia. Akakaa.

Kama nusu saa baadaye, ng'ambo ya ukuta, Mama alicheka.

Ikawa ndio utaratibu. Mchana Mkaguzi alikata visiki, jioni akavichoma na kukaa kwenye baridi akisikiliza, na moyo wake ukafurahi na kuungua kwa wakati mmoja. Mkewe alimwambia mara moja tu, "Si useme tu, Mkaguzi," na kwa jinsi alivyotazamwa hakurudia. Akarudi kupeleka nguo upande wa pili. Ofisini alipokwenda kuongeza likizo, walipomuuliza kuhusu mikono yake iliyojaa malengelenge alisema anapalilia.

Visiki viliisha wiki ya tatu, na baridi ilikuwa bado ina mwezi mzima. Jumamosi, saa tatu na dakika chache, alikuwa tena mbele ya kaunta. Muuza vifaa alimkaribisha kwa kitambaa chake.

"Ule mkubwa umekufa?"

"Haujafa. Nataka unaouzidi."

"Unaouzidi ule?" Muuza vifaa alipiga mluzi. "Sasa unakata nini?"

"Mizizi."

Muuza vifaa aliweka kitambaa chini. Alieleza, kwa adabu ileile, kwamba mizizi haikatwi kwa msumeno wa injini. Mizizi huchimbwa kwa jembe, ikapigwa shoka, tena kwa kuni za nyumbani hakuna anayejisumbua nayo. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na stoo alikuwa na mmoja ambao haujawahi kupata mnunuzi, upanga wa inchi thelathini na sita, injini ya sisi mia na kumi. Aliuleta ameukumbatia kwa mikono miwili, na kaunta ikalia alipoulaza.

"Mizizi ya miti mingi?"

"Safu tatu."

"Zako?"

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Barabarani alipita fundi baiskeli akikanyaga pedali taratibu, amebaki na shati tu. Nyuma kwenye keria alikaa Mama, kavaa makoti yote mawili, anapelekwa zahanati kwa ajili ya kifua. Alikuwa amemshika mwanawe kiunoni, na shavu kaliweka mgongoni kwake. Fundi alisema kitu bila kugeuka, na Mama akacheka. Kilianza kwa kukohoa kidogo, kikapanda, kikakatika.

Mkaguzi aliwatazama hadi walipokata kona.

"Zangu," alisema, akaushika msumeno apime uzito wake.